"Ukienda, Nani Atabaki?"

(Haya ni maneno ya muuguzi mstaafu, ambaye sasa ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama karibu na ziwa. Aliyasema mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliokutana katika ukumbi wa parokia, Kisumu. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema. Mwishoni kuna maswali ya kujadili katika kikundi chenu.)



Nimeambiwa nizungumze juu ya likizo na siku za kupumzika. Nimewaona wengine mkitazamana. Likizo si ni mambo ya watu wa ofisi? Sisi watu wa jembe na wavu inatuhusu nini? Subirini kidogo. Inatuhusu mara mbili. Kwanza, watoto wetu wameajiriwa: mahotelini, katika ulinzi, katika majumba ya watu, mashuleni, katika viwanda vya samaki na vya sukari. Pili, sisi wenyewe ni waajiri. Hilo la pili ndilo gumu, nitalileta pole pole.

"Sista, huyu umeshamdunga"

Niliajiriwa kazi ya uuguzi mwaka 1986, nikastaafu 2023. Sitataja vituo nilivyofanya kazi, kwa maana hata wakubwa wangu walikuwa wamebanwa. Miaka ya 1990, wakati serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi wake katika mpango wa kurekebisha uchumi, tulikuwa wauguzi watatu katika kituo kimoja upande wa ziwa. Mmoja akahamishwa, na hakuna aliyeletwa mahali pake. Tukabaki wawili, usiku na mchana: kliniki ya watoto, wajawazito, malaria, na kipindupindu kikizuka, hicho pia ni chetu.

Kila mwaka nilijaza fomu ya likizo. Kila mwaka msimamizi aliniuliza swali moja tu: "Ukienda, nani atabaki?" Nami sikuwa na jibu. Hata nilimhurumia. Nilirudi kazini nikiona haya, kama mtu aliyeomba kitu kisicho chake.

Sasa wacha niwaambie kitu ambacho sikusema kwa miaka mingi. Siku moja, nikiwa nimefanya kazi siku kumi na tisa bila kupumzika hata moja, nilikuwa nawadunga watoto sindano za malaria. Siku hizo tulitumia klorokwini. Nikajaza sindano, nikamgeukia mtoto aliyepakatwa na mamake. Mama akanishika mkono. "Sista, huyu umeshamdunga." Nikatazama kadi. Kweli, mwandiko ni wangu na wino ni wa asubuhi ile. Sikukumbuka chochote. Na kwa mtoto mdogo, dozi mbili za sindano ile zinaweza kusimamisha moyo.

Mama yule ndiye aliyemwokoa mtoto wake, sio mimi niliyesomea kazi. Nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe, miguu ikitetemeka. Siku hiyo ndipo nilielewa kwamba likizo iliyokataliwa haipotei hivi hivi. Lazima kuna mtu anayeilipa. Wakati mwingine ni mfanyakazi, kwa afya yake. Wakati mwingine ni watoto wake wanaokua bila kumwona. Na wakati mwingine ni mgonjwa ambaye hata hajui kwamba anayemtibu anasinzia akiwa amesimama.

Upungufu wa namna gani?

Mtaniambia: lakini watu walikuwa wachache kweli, msimamizi angefanya nini? Ni kweli, na ni kweli hata leo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2006 kwamba nchi yenye wauguzi, wakunga na madaktari chini ya 23 kwa kila watu 10,000 itapata shida kutoa hata huduma za lazima. Kenya ilikuwa chini ya kiwango hicho, na katika vituo vya mashambani hali ilikuwa mbaya zaidi.

Lakini angalieni jambo moja la ajabu. Wakati wodi hazina wauguzi wa kutosha, kuna vijana wetu waliosomea uuguzi na wako nyumbani hawana kazi. Wengine wanauza mitumba. Mwaka 2021 serikali yetu ilitia sahihi mapatano na Uingereza ya kupeleka wauguzi huko. Kwa hivyo watu wapo. Kisichokuwapo ni nafasi iliyotengewa pesa. Mwaka 2017, wakati huduma za afya zilikuwa tayari mikononi mwa kaunti, tuliona madaktari wakimaliza mgomo wa siku 100 mwezi wa Machi, halafu wauguzi wakagoma karibu miezi mitano. Mengi yalisemwa juu ya mishahara, lakini sisi tuliokuwa ndani tulijua kwamba uchovu nao ulikuwa unasema.

Nataka mlikumbuke hilo: mara nyingi upungufu sio wa watu, ni upungufu wa mpango. Nitalirudia tukifika kwenye mashine ya kusaga.

Sheria inasemaje?

Wazazi wengi hawajui, na watoto wao hawajui, kwa hivyo andikeni. Sheria ya Ajira ni ya mwaka 2007, ilianza kutumika Juni 2008. Inamhusu pia mfanyakazi wa nyumbani na askari wa lango. Inasema hivi:

1. Mfanyakazi apewe angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba.

2. Akimaliza miezi kumi na miwili kazini, apewe likizo isiyopungua siku 21 za kazi, na mshahara wake kamili. Wakikubaliana, likizo inaweza kugawanywa, lakini sehemu moja iwe angalau wiki mbili mfululizo. Akiacha kazi au akiachishwa kabla ya mwaka kuisha, na ameshamaliza miezi miwili au zaidi, anahesabiwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi.

3. Mama akijifungua ana miezi mitatu na mshahara kamili, na akirudi anarudi kwenye kazi yake. Baba ana wiki mbili, pia na mshahara. Akina mama wa umri wangu, mnakumbuka ile sheria ya 1976? Ilitoa miezi miwili tu, na ukiichukua, likizo yako ya mwaka huo imekwenda! Mimi nilizaa kitinda mimba wangu chini ya sheria hiyo. Sheria ya 2007 iliondoa jambo hilo. Uzazi ni uzazi, na likizo ya mwaka ni likizo ya mwaka.

4. Mgonjwa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara kwa mwaka, akileta karatasi ya daktari.

5. Kibarua naye asidanganywe. Kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, sheria inamhesabu kama mtu wa mshahara wa mwezi. Akifika miezi miwili mfululizo, anastahili masharti kama wenzake.

6. Kuomba likizo yako, au kwenda likizo uliyopewa, sio sababu halali ya kufukuzwa.

Lakini vijana, nisikilizeni vizuri hapa. Usijipe likizo mwenyewe! Ukitoweka bila ruhusa na bila sababu halali, mwajiri anaweza kukuachisha kazi mara moja, na sheria itakuwa upande wake. Omba kwa barua. Fanya nakala mbili, andika tarehe unayoondoka na ya kurudi, mpe yeye moja na wewe weka moja. Akikataa, muulize kwa heshima: "Basi, nipe tarehe nyingine, tuiandike." Neno la mdomo linapeperuka, karatasi inabaki. Na ukifukuzwa bila haki, usikae nyumbani ukilia mwaka mzima. Nenda Ofisi ya Kazi ndani ya miezi mitatu. Ofisi iko hapa Kisumu, na mahakama ya mambo ya kazi pia ina kituo hapa.

Siku niliyojisikia nikisema maneno yale

Sasa lile gumu. Nilipostaafu, akina mama wa kikundi chetu walinichagua kuwa mweka hazina. Tuna mashine ya kusaga mahindi. Tulikuwa tumeajiri kijana mmoja hodari, mwaminifu, anayejua mashine ile kama anavyojua baiskeli yake. Alifungua saa kumi na mbili asubuhi, akafunga giza likiingia. Jumatatu mpaka Jumapili. Sisi tulimsifu katika kila mkutano. "Kijana wetu hachoki!"

Mwaka 2024 alikuja kwangu jioni, kofia mkononi. "Mama, mke wangu amekaribia kujifungua. Naomba siku chache niwe naye." Na mimi, muuguzi wa miaka 37, niliyewazalisha wanawake wa pwani hii hata sijui idadi, nikamjibu: "Ukienda, nani atabaki?"

Maneno yalipotoka nikayatambua. Nilikuwa nimeyasikia kwa zaidi ya miaka thelathini.

Na msidhani nilijirekebisha hapo hapo. Hapana. Nilimwambia, "Wacha tuone." Alibaki kazini. Mtoto alizaliwa yeye akiwa anasaga. Baada ya mwezi mmoja akaja na funguo, akatushukuru kwa adabu, akaenda kufanya kazi kwa mashine ya mtu binafsi ng'ambo ya barabara. Yetu ilifungwa siku kumi na moja, kwa sababu hakuna mtu mwingine katika kikundi chote aliyejua hata kubadilisha mkanda. Wateja walihama. Wengine hawajarudi mpaka leo.

Tulipoketi kuhesabu hasara, mama mmoja mzee alisema, "Hatukuwa na mfanyakazi. Tulikuwa na mateka." Hakuna aliyemjibu.

Wapendwa, nani hapa hana mtu wa namna hiyo? Kuna yule mwalimu mmoja wa chekechea. Kuna yule anayeuza maji kioski cha kikundi, mlinzi wa ghala la mchele, karani wa mahali pa kupimia samaki. Kila mmoja ni peke yake. Tunamwambia hawezi kuenda kwa sababu yuko peke yake, na tunasahau kwamba sisi ndio tuliomweka peke yake.

Hesabu ya siku 73

Baada ya hapo nilichukua karatasi. Nawaomba katibu wenu mfanye hesabu hii hii.

Mwaka una siku 365. Mashine yetu inafunguliwa kila siku. Mfanyakazi mmoja ana siku 52 za kupumzika, moja kila wiki. Ongeza siku 21 za likizo. Jumla ni 73. Hapo sijahesabu sikukuu za serikali, ugonjwa, wala wiki mbili za baba aliyepata mtoto.

Sasa gawanyeni 365 kwa tano. Mnapata ngapi? Sabini na tatu! Maana yake ni kwamba, kabla mtu hajaugua hata homa, siku moja katika kila tano haina mfanyakazi. Siku hiyo inajulikana tangu Januari. Sio ajali, na sio uvivu wa mtu.

Ikiwa ni kazi ya usiku na mchana, kama wodi au lango, hesabu inazidi. Zamu tatu kwa siku ni zamu 1,095 kwa mwaka. Mtu mmoja anaweza kufanya 292. Kwa hivyo nafasi moja tu ya kazi inahitaji watu wanne, na ugonjwa ukiingia, huenda hao wanne wasitoshe. Mahali palipoajiri watu watatu, likizo yako ilikuwa imeshaliwa kabla hujaiomba. Ndiyo maana mtoto wako akisema "nimenyimwa ofu", usimwambie hajui kuongea na wakubwa. Shida ilianza siku ya kuajiri.

Na pesa je? Tuseme mtu wa kusaga analipwa shilingi 400 kwa siku. Mtu wa pili kwa siku 73 ni shilingi 29,200. Zikitajwa kwa mkupuo, kikundi kinashtuka. Lakini ukiweka kando shilingi 80 kila siku mashine inapofunguliwa, mwaka ukiisha zipo zote. Linganisheni hizo 80 na siku kumi na moja za mlango uliofungwa.

Tulifanya nini?

Kwanza, tulichagua wawili na sio mmoja. Wa pili ni msichana aliyemaliza shule na alikuwa amekaa tu nyumbani. Alifanya kazi pamoja na wa kwanza majuma matatu, halafu akaachiwa siku moja kwa wiki peke yake. Mara ya kwanza mkanda ulimtoka, akaurudisha. Sasa anajua.

Pili, wa kwanza anasali Jumamosi, wa pili Jumapili. Nyinyi mnajua pwani yetu ilivyo, tuko wa Jumamosi na wa Jumapili katika kijiji kimoja. Tumezoea kuliona hilo kama mgawanyiko. Kwa zamu za kazi limekuwa msaada, kila mmoja anamshikia mwenzake.

Tatu, Januari tunatundika karatasi ukutani yenye likizo zote za mwaka. Tunauliza: unataka mwezi gani? Mmoja alichagua wakati wa kupanda. Hatupangi likizo mbili pamoja, wala wakati wa mavuno, mahindi yanapomiminika. Hata wavuvi wa omena wanajua kupanga hivi. Mwezi ukiwa mpevu, taa haivuti omena, mitumbwi inakaa ufuoni, nyavu zinashonwa. Wanajua siku hizo zinakuja, na akina mama wanaweka omena kavu mapema.

Nne, tumeandika mapatano ya kazi, ukurasa mmoja, kwa lugha tunayoielewa, na pande zote mbili zimetia sahihi.

Neno la mwisho: matanga

Kuna jambo moja ambalo sheria yetu ya ajira haikulitaja, nalo ni likizo ya msiba. Mfanyakazi akifiwa, siku anazopata ni zile zilizoandikwa katika mapatano yake au katika makubaliano ya chama cha wafanyakazi. Kama hakuna, zinatoka katika zile 21. Kwetu, ambapo mazishi yana siku zake na watu wake, hilo ni pengo kubwa. Basi liandikeni katika mapatano ya kikundi chenu: akifiwa na mzazi, mwenzi au mtoto, siku ngapi. Sisi tumeandika saba. Nyinyi mkae mkubaliane.

Lakini sisi wa kijijini pia tujichunguze. Kijana wetu anafanya kazi Kisumu au Nairobi, anapigania siku zake 21 mwaka mzima. Akizipata, sisi tunazila. Njoo kwa matanga ya binamu. Njoo kwa harambee. Njoo tugawanye shamba. Asipokuja tunasema amepotea, mji umemmeza. Anarudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka, na watoto wake hawakumwona. Simkatazi mtu kuzika wake. Nasema tu, tukimwita, tukumbuke siku zile zina hesabu. Mara nyingine tumwambie, "Mwanangu, mchango wako umefika. Lala."

Mimi nilistaafu nikiwa na siku nyingi za likizo kwenye faili ambazo hakuna atakayenirudishia. Siwezi kurudi kuzichukua. Yule kijana wa mashine nilimfuata mwaka jana, nikaomba msamaha. Alicheka, akaniletea mtoto nimshike. Sasa anatembea.

Kwa hivyo mtu akija kwenu na kofia mkononi, msimuulize yeye nani atabaki. Hilo ni swali la kamati, na lijibiwe Januari.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kikundi chetu kimeajiri nani, hata kama ni kwa posho kidogo? Mara ya mwisho alipumzika lini?

2. Mtu huyo akiugua kesho asubuhi, ni nani anayejua kazi yake?

3. Fanyeni hesabu ya siku 73 kwa mradi wenu. Mtu wa pili atagharimu pesa ngapi kwa mwaka, na ni ngapi za kuweka kando kila siku?

4. Katika kila boma, nani ameajiriwa mbali? Je, anajua ana siku ngapi za likizo? Nani atamwandikia au kumpigia simu juma hili?

5. Tukubaliane siku ngapi za msiba kwa mfanyakazi wetu, tuziandike.